Ukoo wa Mpunguzi 🍇

ALHAMISI

Shangazi Mage amebadilisha jina la kikundi kutoka "Ukoo wa Mpunguzi 🍇" kuwa "SAFARI YA MLIMA NA MBUGA 🏔🐘"

[19:04] Shangazi Mage: Mbukwenyi wote. Jina nimebadilisha kwa muda ili tusichanganye mambo. Swali ni moja tu, twende mwezi gani? Nataka jibu kabla ya Jumapili.

[19:05] Shangazi Mage: Kilimanjaro kwa wenye miguu, mbuga kwa wote. Raia tunalipa kwa shilingi, dola ni za wageni. Kwa hiyo asije mtu kuniambia haya ni mambo ya wazungu.

[19:21] Shangazi Mage: Tiki za bluu naziona.

[19:22] Dani UDOM: Nilikuwa natafuta kikundi cha ukoo nikajua nimeshatolewa 😂

[19:22] Shangazi Mage: Dani mwezi gani.

[19:23] Dani UDOM: Wowote usio wa mitihani. Ila nyumbu wawe wanavuka mto, mamba wawe na njaa.

[19:26] Shangazi Mage: Mimi napendekeza Januari ijayo. Mlima unakuwa mkavu, na nyumbu wanazaa huko kusini mwa Serengeti, Ndutu.

[19:31] Baba Mdogo Mathayo: Dada, Januari mvua inapiga mpaka makorongo yanafunga njia. Tukapande mlima na miamvuli?

[19:33] Shangazi Mage: Mvua ya Dodoma ni ya Dodoma. Huku tuna msimu mmoja, unaanza Novemba mwishoni au Desemba, Aprili umekwisha. Kaskazini wana vuli na wana masika, hapo katikati kunakauka. Ndiyo maana nasema tusitumie akili ya Mpunguzi kupanga safari ya Moshi.

[19:34] Baba Mdogo Mathayo: Sawa. Na palizi atafanya nani? Januari hiyo uwele na mtama viko magotini.

[19:34] Dani UDOM: Tembo 🐘

[19:40] Dada Neema: Mimi kuanzia Aprili mpaka Juni mwisho msinihesabu. Bunge la bajeti likianza napika sahani zisizo na idadi. Hela yangu ya mwaka iko pale.

[19:41] Shangazi Mage: Hayo yanajulikana Neema. Wengine?

[19:58] Shangazi Mage: WENGINE?

[20:15] Mama Mdogo Esta: Wifi, watoto wana likizo Juni na Desemba tu. Mimi nafuata likizo.

[20:16] Shangazi Mage: Juni Neema hayupo.

[20:17] Mama Mdogo Esta: Ndiyo nasema.

[20:44] Baba Mdogo Mathayo: Basi Desemba, tena tarehe 9. Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge kileleni siku hiyo mwaka 1961 nchi inapata uhuru. Na sisi ukoo tufike pale na bendera yetu.

[20:45] Dani UDOM: Bendera ya zabibu 🍇

[20:45] Dada Neema: 😂😂

[20:46] Shangazi Mage: Frenki yuko wapi? Yeye ndiye anaujua mlima. @Frenki Moshi

[21:30] Shangazi Mage: @Frenki Moshi

IJUMAA

[06:12] Shemeji Hamisi: Assalaam aleykum, habari za asubuhi. Nilikuwa njiani, naendesha. Mama, nimesoma. Mbuga yenu ni Tarangire, msihangaike. Mnapita Kondoa, Babati, Magugu, mkifika Kwakuchinja mnakata kulia. Lami tupu mpaka hapo.

[06:14] Shemeji Hamisi: Ila msiende mvua ikiwepo. Maji yakiwa kila mahali tembo wanatawanyika, pundamilia na nyumbu wanatoka hifadhini wanaenda zao mbuga za Simanjiro. Mtazunguka mnapiga picha mibuyu, na mibuyu kwenu ipo. Julai mpaka Oktoba kukikauka wote wanarudi kwenye mto. Unasimama sehemu moja unaona makundi na makundi.

[06:20] Dani UDOM: Shemeji na nyumbu wa kuvuka mto?

[06:22] Shemeji Hamisi: Hao ni Mto Mara, kule mpakani na Kenya, Julai hadi Septemba hivi. Kutoka Dodoma na Kosta yenye watoto wanaotapika? Labda ukavuke wewe mwenyewe.

[06:23] Dani UDOM: 😂😂😂

[06:31] Shangazi Mage: Hamisi mwanangu ahsante, umeongea kiutu uzima. Kwa hiyo Agosti.

[06:50] Baba Mdogo Mathayo: Agosti ni mavuno ya pili ya zabibu dada. Sasa hivi tunamalizia ya kwanza na mnunuzi anatuzungusha. Nikienda kutazama tembo nani atakaa na kreti?

[06:52] Shemeji Hamisi: Halafu Tarangire kuna mbung'o. Asivae mtu bluu wala nyeusi, wanaifuata hiyo rangi.

[06:53] Dani UDOM: Mungu wangu. Vitenge 😂

[06:53] Dada Neema: VITENGE 😂😂😂😂

[06:55] Shangazi Mage: Vitenge vya harusi ya Eliza vilikuwa vya bluu bahari. Bahari siyo bluu hiyo.

[06:56] Dani UDOM: Mbung'o atajuaje shangazi

[06:58] Dada Neema: Mimi changu nilishafungia viazi.

[07:03] Shangazi Mage: Tunapoteza muda. Sare tutaongea baadaye, nilikuwa nimeshatoa oda lakini tutaongea.

[13:37] Frenki Moshi: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa juu na wageni, simu ilizima kambi ya Horombo. Ndiyo nimeshuka getini.

[13:41] Frenki Moshi: Masika futeni kabisa. Machi mwishoni mpaka Mei msitu wote ni utelezi, huko juu mawingu na theluji, unapita karibu na kilele cha Mawenzi na hukioni. Novemba ni vuli, nayo inalowesha japo haikai kutwa.

[13:44] Frenki Moshi: Januari na Februari ndiyo sisi wagumu, wabeba mizigo, tunaipenda, baridi inakuwa na adabu. Shangazi hapo hakukosea. Juni mpaka Oktoba nako kukavu, anga safi, ila Juni na Julai usiku pale kambi ya Kibo maji yanaganda kwenye chupa. Agosti wageni ni wengi na vibanda vya njia ya Marangu vinawahi kujaa. Mkitaka Agosti lipieni mapema.

[13:46] Frenki Moshi: Baba mdogo, 9 Desemba watu wanapanda kweli kuadhimisha. Niliwahi kuwabebea mizigo. Tulishuka tumelowa mpaka nguo za ndani, samahani wazee.

[13:50] Frenki Moshi: Na msikubali siku 5. Chukueni 6, ile ya ziada mnakaa Horombo, mita 3,720, mwili uzoee. Kibo ni 4,700, mnatoka pale usiku wa manane, Uhuru ni 5,895. Kichwa kikianza kuuma na kutapika unasema, hufichi. Wengi tunaowashusha ni vijana wenye haraka.

[13:51] Shangazi Mage: Dani umesikia.

[13:52] Dani UDOM: Kwani nimetajwa? 🙄

[13:55] Frenki Moshi: Watoto chini ya miaka 10 kileleni hawaruhusiwi. Hao na mama zao watembee mpaka Mandara, 2,720, wanarudi siku hiyo hiyo. Ni msitu mzuri, wataona mbega.

[13:57] Dada Neema: Mimi hao hao wa Mandara. Presha yangu mnaijua.

[14:20] Shangazi Mage: Sasa tunaelewana. Kuanzia mwezi huu kila kaya elfu hamsini. Tukianza mapema hakuna atakayeumia.

[14:26] Dada Neema: Anashika nani?

[14:31] Baba Mdogo Mathayo: Naweza kushika mimi, akaunti ya kikundi cha wakulima ipo, haina makato makubwa.

[15:10] Dada Neema: Tumalize kwanza ile ya mwaka ule.

[15:12] Baba Mdogo Mathayo: Ile ipi?

[15:12] Dada Neema: Baba mdogo unaijua.

[15:13] Baba Mdogo Mathayo: Neema, kama una neno sema. Mimi si mtoto.

[15:14] Dada Neema: Ujumbe huu umefutwa

[15:15] Mama Mdogo Esta: Nimeuona kabla hujaufuta.

[15:19] Dani UDOM: Mshika hela apimwe oksijeni kila kituo kama Kibo 😂

[15:19] Shangazi Mage: Dani nyamaza.

[15:40] Shangazi Mage: Turudi kwenye mada. Nina wazo. Sisi wenye miili tusikurupukie Kilimanjaro. Tufanyie mazoezi Hanang, ni zaidi ya mita 3,400, unaanzia Katesh. Hamisi, si Babati unakata kushoto?

[15:48] Shemeji Hamisi: Kushoto, barabara ya Singida. Lami mpaka Katesh. Maji mbebe ya kutosha, juu kule hakuna pa kuchota.

[15:49] Shangazi Mage: Safi. Jumamosi moja tu tunapanda na kushuka. Nani yumo?

[15:50] Dani UDOM: 🙋🏾‍♂️

[16:30] Shangazi Mage: Dani peke yake?

JUMAMOSI

[17:08] Babu Yona: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

[17:15] Shangazi Mage: Shikamoo Baba.

[17:20] Eliza Dar: Shikamoo babu. Jamani niko kwenye SGR nakuja huko, sina visikizi na behewa limejaa. Aandike mtu.

[17:22] Dani UDOM: Mimi siandiki hii.

[17:49] Dada Neema: Naandika kama alivyosema.

[17:58] Dada Neema: "Tabitha amenisomea yote tangu juzi. Mage, kuita watu ni kazi na umeifanya, sikulaumu. Lakini nimesikia mmetaja Hanang. Mlima ule tarehe 3 Desemba 2023 ulishuka matope na mawe ukafukia watu, Katesh na Gendabi. Wakwe zetu walikuwemo. Mkamwana wangu yumo humu anasoma, hasemi, na mimi ningekuwa yeye nisingesema. Tulikaa hapa chini ya mwembe wangu tukachanga rambirambi. Ilikwenda wapi? Mpaka leo hakuna mkwe aliyenipigia akasema mzee tumeona mkono wenu. Sasa mnataka kupita mlangoni kwao na viatu vya mlima. Hampiti. Mtakwenda kwanza kukaa, mle ugali wao, mtoe pole iliyochelewa. Baada ya hapo mlima panda, usipande, shauri yako."

[18:01] Dada Neema: "Na hela ya safari Mathayo asishike. Sijasema ameiba. Nimesema asishike. Mimi msinifanye sababu ya mbuga, twiga nimewaona nikichunga. Ila mkienda wakati wa kiangazi, gari lisiwe la kubanana, nitakuja."

[18:02] Dada Neema: Mwisho.

[18:40] Baba Mdogo Mathayo ameondoka

[18:41] Eliza Dar: Jamani.

[18:55] Mama Mdogo Esta: Sawa.

[19:30] Mama Tabu: Ahsante Baba. Nitampigia mama nimwambie mnakuja.

[19:33] Shemeji Hamisi: Poleni sana mama Tabu. Mimi sikujua.

[19:34] Mama Tabu: Hakuna neno shemeji.

JUMAPILI

[12:47] Shangazi Mage amemwongeza Baba Mdogo Mathayo

[12:48] Shangazi Mage: Baba tumekusikia. Mathayo tulia humu.

[12:59] Baba Mdogo Mathayo: Nimetoka kanisani, naenda kwa Baba sasa hivi. Hayo nitaongea naye ana kwa ana, siyo humu. Risiti ninazo.

[13:01] Dada Neema: Sawa baba mdogo.

[13:02] Mama Mdogo Esta: "Sawa baba mdogo" 🙂

[13:20] Shangazi Mage: Sitaki hayo. Sikilizeni. Katesh tunakwenda Jumamosi ijayo, kila nyumba mtu mmoja, na mchele tunachukua Magugu.

[13:22] Shemeji Hamisi: Mama, Magugu iko mbele ya Babati. Katesh tunakata kabla.

[13:22] Shangazi Mage: Tutakwenda kidogo tugeuze.

[13:23] Dani UDOM: Nilijua mchele utaingia tu 😂

[13:26] Shangazi Mage: Tarangire ni wikiendi ya Sabasaba. Bunge limeshafungwa, zabibu bado, pamekauka, na Baba anakuja. Mlima Januari kwa wanaoiweza, Septemba kwa wasioitaka Januari.

[13:27] Dani UDOM: Shangazi hapo umechagua mwaka mzima.

[13:31] Mama Mdogo Esta: Sabasaba shule ndiyo zinafungua. Nilishasema.

[13:32] Shangazi Mage: Watoto waombewe ruhusa.

[13:33] Mama Mdogo Esta: Nikaombe kwa nani wifi? Mwalimu mkuu msaidizi ni mimi.

[13:50] Frenki Moshi: Januari nipeni tarehe mapema, mwongozaji lazima awepo na malipo yanakwenda kwa namba ya malipo, hayangoji mtu.

[13:52] Shangazi Mage: Frenki nitakupa.

[13:54] Frenki Moshi: Lini shangazi? Kesho kutwa napanda tena.

[14:10] Dada Neema: Na hela anashika nani sasa? Hapo hatujamaliza.

[14:35] Shangazi Mage: Ashike Mama Tabu.

[14:36] Dada Neema: 👍🏾

[14:36] Dani UDOM: 👍🏾

[15:20] Mama Tabu: Mimi mniache kwanza.

[16:05] Eliza Dar: Kumbe Baba Mdogo Mathayo karudi. Mimi kuhusu mwezi nakubali wowote isipokuwa Julai.

[16:06] Shangazi Mage: ELIZA.

[16:48] Shemeji Hamisi: Mama, mwenye Kosta kanipigia. Kuna watu wa harusi wanaitaka wikiendi hiyo hiyo ya Sabasaba. Anataka advansi kesho saa nne.

[16:49] Shangazi Mage: Mwambie asubiri mpaka Mathayo atoke kwa Baba.

[16:51] Shemeji Hamisi: Nimemwambia. Anasema hasubiri.