Mjadala: Muislamu wa kawaida ashike madhehebu, au "Qur'ani na Sunna tu" inatosha?

MTOA MADA

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Mada hii naileta peke yake kwa sababu inaharibu nyingine zote. Mtu anauliza swali dogo tu: kunuti ya alfajiri (dua isomwayo ndani ya swala hiyo) ina hukumu gani? Kabla hajajibiwa anatokea ndugu mmoja: "Mimi sina madhehebu, nafuata Qur'ani na Sunna." Basi, mazungumzo yamekufa. Wengine wote tumeshafanywa watu wanaofuata kitu kingine.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Muislamu ambaye hakusoma usuli (misingi ya kutoa hukumu) wala elimu ya hadithi ana madhehebu, apende asipende. Anayesema hana, hajui tu jina la anayemfuata. Amesikiliza darsa, sheikh kamwambia hadithi hii dhaifu, ile sahihi, naye kakubali. Hukumu hiyo hakuitoa yeye. Ukimuuliza ni mpokezi gani kwenye isnadi (mnyororo wa wapokezi wa hadithi) aliyetiwa kasoro, na nani kamtia kasoro, hana jibu. Huko nako ni kufuata. Mshafii angalau anamtaja imamu wake.

Halafu kuna picha ya ajabu kwamba maimamu wanne wa madhehebu ya Kisunni, yaani Abu Hanifa, Malik, Shafii na Ahmad bin Hanbal, waliketi wakaigawana dini. Abu Hanifa alifariki mwaka 150 Hijria (767), mwaka uleule aliozaliwa Shafii. Shafii akasoma Madina kwa Malik, kisha Iraq kwa Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, ambaye ni mwanafunzi wa Abu Hanifa. Ahmad bin Hanbal naye akasoma kwa Shafii. Ni mwalimu na mwanafunzi hao, tena wanafunzi wabishi. Abu Yusuf na Shaybani walimkhalifu mwalimu wao katika masuala tele, na wote wanaitwa Wahanafi mpaka leo. Shafii mwenyewe ana kauli za kale alizotoa Iraq na kauli mpya alizotoa Misri. Sasa wanaosema madhehebu ni kufuata kibubusa, huo ububusa uko wapi hapo?

Karibuni. Hoja kwa hoja, matusi hapana.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Wa alaykum salaam. Umeanza vizuri, ila umeruka kauli za maimamu wenyewe. Shafii kasema, "Hadithi ikisihi, hiyo ndiyo madhehebu yangu." Malik kasema kila mtu kauli yake huchukuliwa na hurudishwa, isipokuwa mwenye kaburi hili, akimkusudia Mtume (s.a.w.). Mnawanukuu kwa mengine yote, mkifika hapa mnapata kigugumizi.

Na historia ya madhehebu si hiyo ya darsani peke yake. Pale Makka, kuizunguka Kaaba, kwa karne nyingi kulikuwa na makamu manne (mahali pa kusimama maimamu wa swala) na maimamu wanne. Wahanafi na imamu wao, Washafii na wao, Wamaliki na wao, Wahanbali na wao. Kibla kimoja, msikiti mmoja, na mtu anakaa kumsubiri imamu wa kwao. Hayo yalikoma miaka ya 1920, Ibn Saud alipoitwaa Hijazi. Na vipo vitabu vya fikihi vilivyojadili kwa uzito kabisa kama Mhanafi anaruhusiwa kumuoa mwanamke wa Kishafii! Mnasema hitilafu za wanazuoni ni rehema; mkishafika huko mniambie rehema imo wapi.

Mimi sisemi kila mtu awe mujtahidi, yaani mwanachuoni anayetoa hukumu mwenyewe kutoka kwenye dalili. Nasema mtu akionyeshwa dalili aifuate, asiseme "imamu wangu hakusema hivyo."

MTOA MADA

Ya Makka ni kweli na ni aibu, sina cha kutetea. Ila tazama Ahmad bin Hanbal. Yeye aliona kutoka damu nyingi kunavunja udhu. Malik aliona hakuvunji. Akaulizwa: imamu ametokwa na damu na hakutawadha tena, utaswali nyuma yake? Lililonukuliwa kwake ni kwamba alijibu: vipi nisiswali nyuma ya Malik na Said bin al-Musayyab? Basi waliotenga makamu hawakulipata hilo kwa maimamu.

Sasa hiyo "hadithi ikisihi". Ndugu yangu, hapa ndipo wengi wanapoteleza, na si sisi tu, hata wanafunzi wa Shafii mwenyewe. Imamu Nawawi (amefariki 676 Hijria, 1277) analieleza jambo hili kwenye utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha fikihi. Kuna hadithi isemayo mpiga chuku (anayemuumika mtu kumtoa damu) na mpigwa chuku wote wawili wamefungua, yaani saumu zao zimeharibika. Musa bin Abil Jarud, mmoja wa wanafunzi wa Shafii, akasema: hadithi hii imesihi, kwa hiyo nasema madhehebu ya Shafii ni kwamba kupiga chuku kunafunguza. Wenzake wakamrudisha. Shafii aliijua hadithi hiyo, tena alijua imesihi, akaiacha kwa makusudi kwa kuwa aliona imefutwa. Ipo hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume alipigwa chuku naye amefunga.

Mwanafunzi aliyekaa kwa Shafii alikosea kuitumia kauli ya Shafii. Mimi na wewe tuliotumiwa hadithi moja kwenye simu, haina kabla wala baada, tutaitumia vipi? Nawawi anasema wazi kauli ile inamhusu aliyefika daraja ya ijtihadi, na adhani kwa nguvu kwamba Shafii hakuipata hadithi hiyo au hakujua usahihi wake. Na ajabu ni kwamba Ahmad aliichukua hadithi ileile ya chuku. Maimamu wawili, hadithi moja, kila mmoja ana dalili yake. Ukisema "nafuata dalili", wewe unamfuata yupi?

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba niingie kama mwanamke, maana naona mnabishana udhu na kunuti. Hayo mtu akikosea hapati dhara. Nendeni kwenye ndoa.

Mume kasafiri, hajulikani alipo, haandiki, haleti matumizi. Mke afanyeje? Kwa Wahanafi walivyoandika, abaki katika ndoa yake mpaka wafe marika wa huyo mume. Wengine wakakadiria miaka 90 tangu azaliwe. Yaani mume alipotea akiwa na miaka 30, mke amsubiri miaka 60. Kwa Wamaliki anapeleka shauri kwa kadhi, anatafutwa, inapita miaka minne, kisha mke anakaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na anaweza kuolewa. Shafii, ambaye mtoa mada anampenda, kauli yake ya kale ni miaka minne na kauli yake mpya ni asubiri mpaka kifo kijulikane.

Sasa mniambie, mwanamke aliyezaliwa nyumba ya Kihanafi ana kosa gani? "Shika madhehebu yako" kwake maana yake ni kuzikwa hai. Ndiyo maana Misri, nchi ambayo mahakama zake zilihukumu Kihanafi, ilipotunga sheria za ndoa mwaka 1920 na 1929 ilitoka nje ya madhehebu hayo. Hiyo ya 1929 ilizifanya talaka tatu za mpigo mmoja kuwa talaka moja, kinyume na kauli iliyotegemewa ndani ya madhehebu yote manne. Waliisogelea rai ya Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Kihanbali, na mtu huyo alisumbuliwa sana kwa fatwa zake za talaka.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nasoma hapa kimya, nahesabu: Hanafi, Maliki, Shafii, Hanbali. Kwani Uislamu umeishia hapo?

Jaafar as-Sadiq alifariki 148 Hijria (765), Madina, na Malik kapokea hadithi kwake, zimo kwenye Muwatta, kitabu chake cha hadithi. Jabir bin Zayd, ambaye Maibadhi ndio wanaomtegemea, alikuwa mwanafunzi wa Ibn Abbas pale Basra, na amewatangulia maimamu wenu wote wanne. Sisi Maibadhi tumechoka kuitwa Makhawariji (kundi la zamani lililojitenga na Waislamu wengine) na watu ambao hawajafungua kitabu chetu kimoja. Mnajadili kama kuna rehema katika hitilafu, kumbe rehema yenyewe ina mipaka ya watu wanne.

Mwaka 1959 Sheikh Mahmud Shaltut wa Al-Azhar alitoa fatwa kwamba inajuzu kufanya ibada kwa madhehebu ya Jaafari, ya Mashia. Mwaka 2005 wanazuoni walikutana Amman, Jordan, wakayataja madhehebu manane: manne ya Kisunni, Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri, na wakasema haijuzu kumkufurisha afuataye mojawapo. Hayo yameandikwa na kutiwa saini. Huku chini maamuma anauliza kwanza imamu anafunga mikono au anaiachia, ndipo aamue kama ataswali. Na kuiachia ni kauli mashuhuri ya Wamaliki pia, lakini wao hakuna anayewauliza.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Taratibu hapo. Kuachia mikono na kuwasema vibaya Masahaba si jambo moja. Hitilafu ya matawi nakubali, hitilafu ya itikadi ni habari nyingine. Na hadithi isemayo umma utagawanyika makundi 73 mnaipeleka wapi?

MCHANGIAJI WA TATU

Haimo kwa Bukhari wala Muslim. Imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na ile ziada ya "yote motoni isipokuwa moja" mwanachuoni Ibn Hazm wa Andalusia hakuikubali, wala Ibn al-Wazir wa Yemen. Nyie watu wa dalili mnaionaje hiyo? Kila kundi linaisoma hadithi hiyo, na sijaona hata moja lililojiweka kwenye yale 72.

MTOA MADA

Ndugu wa tatu, nakubali kwamba nilihesabu kwa mazoea ya Kisunni, na hoja yangu haibadiliki kwa madhehebu manane. Muibadhi wa kawaida naye anahitaji kumjua anayemfuata. La itikadi mlifungulie mada yake, likiingia hapa hatutoki.

Dada yangu, suala la mume aliyepotea ndilo zito kuliko yote yaliyoletwa, na naliona linanisaidia mimi. Bara Hindi kulikuwa na tatizo hilohilo. Aliyelitatua si mtu aliyesema hana madhehebu. Ni mwanachuoni Ashraf Ali Thanwi, Mhanafi kweli kweli. Aliwaandikia wanazuoni wa Kimaliki wa Hijazi, akapata kauli yao kamili na masharti yake: kadhi, kutafuta, muda, eda. Hakuchota kipande kinachomfaa akaacha kingine. Sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu ya mwaka 1939 ikapita huko, na miaka minne imo ndani yake. Huwezi kuomba kwa jirani kama hujui nyumba yako inaishia wapi.

MCHANGIAJI WA PILI

Umeisimulia kuanzia katikati. Thanwi na wenzake walisukumwa na nini? Wanawake wa Punjabu walikuwa wanakwenda mahakamani na kutangaza kwamba wameutoka Uislamu, kwa sababu kuritadi ndiyo njia pekee iliyokuwa ikivunja ndoa zao. Kauli ya Malik ilikuwa vitabuni zaidi ya miaka elfu moja muda wote huo, na kila mwanachuoni wa Kihanafi aliijua. Kwa hiyo swali langu liko palepale, nataka wewe unijibu na si Thanwi: mwanamke aliyekuwa na shida hiyo mwaka 1910, aliyeshika madhehebu kama unavyotaka, ulitaka amsubiri nani?