Shangazi Kapanda Mara Tatu

Salma: Hamjambo wapendwa. Tumeshuka. Tuko hai. Mikono bado inatetemeka, mkiona nimekosea herufi mnisamehe

Mama Idi: Afadhali! Tangu asubuhi nimeikodolea simu macho. Idi yuko wapi, mbona kimya?

Salma: Yuko kwenye benchi anafunga kamba za viatu. Dakika ya kumi hii

Idi: Salma acha uongo

Idi: napumzika tu

Mjomba Fundi: Haya, leteni habari. Hiyo rola kosta mpya ikoje? Maana tangu waifungue watu hawana hadithi nyingine.

Salma: Mjomba, nianze na foleni, maana kwangu foleni ndiyo ilinitisha kuliko treni yenyewe. Masaa mawili na nusu. Na wameipitisha makusudi chini ya reli. Kila baada ya muda unasikia mngurumo, halafu mayowe, halafu ukiinua kichwa unaona nyayo za viatu zinapita. Nyayo tu! Hapo ndipo watu wakaanza kukumbuka kwamba wamesahau vitu kwenye gari

Shangazi Rehema: Mmoja wao alikuwa Idi. Nilimdaka shati.

Idi: Shangazi!!!

Dada Pili: 😂😂😂

Bibi: Huyu ni Bibi, ananiandikia Zuhura. Rehema, usiniambie na wewe umepanda. Na magoti yako hayo?

Shangazi Rehema: Shikamoo mama. Nimepanda. Ubao wa pale mlangoni unakataza wenye moyo, wenye mgongo, wenye shingo na wajawazito. Magoti hayakutajwa.

Bibi: Marahaba. Mungu akupe akili. (Hayo amesema Bibi si mimi. Zuhura)

Mama Idi: Na Nuru wangu amepanda?

Salma: Hapo sasa. Pale mlangoni pana mti wa kupimia urefu. Nuru kafika, kajinyoosha kama twiga. Yule dada mhudumu akamtazama miguuni, akatabasamu, akamwambia vua viatu mdogo wangu. Kumbe mwanao kakunja soksi mbili kaziweka chini ya visigino!

Dada Pili: Mtoto ana mipango huyu

Salma: Bila soksi kapungua vidole viwili. Yule dada alimpigisha na saluti, lakini kupanda hapana. Kanuna hadi sasa, yuko na mama mdogo kwenye farasi wa kuzunguka

Mama Idi: Vidole viwili tu jamani, si wangemwachia

Mjomba Fundi: Hapana shemeji, wamefanya vizuri. Kile chuma kinachobana mapajani kimetengenezewa mwili wa kuanzia kimo fulani. Mtoto akiwa mdogo kinaweza kuonekana kimefunga na yeye bado ana nafasi ya kuchomoka. Hapo hakuna cha kuoneana huruma.

Idi: mjomba ile kitu inakimbia!! kilomita 200 kwa saa sio utani

Mjomba Fundi: 200 nani kakwambia?

Idi: nilihisi

Salma: Ubao unasema mita 38 kwenda juu, kilomita 95 kwa saa

Mjomba Fundi: Hiyo ndiyo inaingia akilini. Ikishavutwa na mnyororo hadi kileleni haina injini tena, inaishi kwa ule mteremko tu. Kwa mita 38, hata ungeondoa upepo na msuguano wote, ungepata kama 98. Ile ya Abu Dhabi, Formula Rossa, ndiyo iliyofunguliwa 2010 ikiwa na kilomita 240, na ile inarushwa kwa mtambo maalumu. Abiria wanavishwa miwani ya kuzuia upepo na vumbi. Wewe ulivishwa miwani?

Idi: hapana

Mjomba Fundi: Basi.

Dada Pili: Idi leo kazi unayo

Shangazi Rehema: Sasa niacheni niseme maana nyie mnazunguka. Mteremko wa kwanza watu wanausifu bure. Ni mkubwa, ndiyo, lakini unauona unakuja, umeshajiandaa. Utamu uko kwenye vilima vidogo vinavyofuata. Unafika juu ya kilima, makalio yanaachana na kiti, kile chuma ndicho kinakushika mapaja, tumbo linabaki angani. Sekunde moja, mbili. Halafu unarudishwa kitini pwaa. Vilima vitano mfululizo! Nilicheka hadi machozi, na machozi yenyewe yakaenda masikioni.

Salma: Ni kweli. Mimi nilifumba macho kwenye mteremko, vilima vikanifumbua

Shangazi Rehema: Na kaeni nyuma. Mara ya kwanza nilikaa mbele, unaona kila kitu lakini treni inaning'inia pale ukingoni kama inafikiria. Mara ya pili nikakaa behewa la mwisho, weee! Unanyakuliwa.

Mjomba Fundi: Sababu ni kwamba ya mbele yakishaanza kushuka yanayavuta ya nyuma. Wa mwisho anavuka kilele treni ikiwa tayari imeshachanganya.

Dada Pili: Subiri kwanza. Mara ya pili? Shangazi ulipanda mara ngapi?

Shangazi Rehema: Tatu.

Dada Pili: Na foleni ya masaa mawili na nusu?

Shangazi Rehema: Pembeni kuna foleni ya mtu mmoja mmoja. Wenyewe huwa wanapanda wawili wawili, kikibaki kiti kimoja wanakuchomeka. Dakika 20 tu nimeshakaa, tena na vijana nisiowajua. Walinishangilia.

Dada Pili: Bado mimi siwaelewi. Mmesimama masaa mawili na nusu kwa ajili ya dakika mbili? Hiyo hesabu ya shule gani?

Salma: Dada ukishuka husikii hesabu

Dada Pili: Mimi nitakuja kuwashikia mikoba

Salma: Bado hatujawaambia tulivyosimama

Idi: salma usianze

Mama Idi: Mlisimama wapi?

Salma: Juu. Karibu na kileleni. Treni inapanda mlima, unasikia ta-ta-ta-ta-ta chini ya kiti, mara ta. Kimya. Tumelala chali tunatazama mawingu. Upepo unasikika kwenye vyuma. Nyuma yetu mtu anauliza "ndiyo ilivyo au imeharibika?" na hakuna anayemjibu

Mama Idi: Ewe Mola!

Shangazi Rehema: Dakika sita. Nilihesabu kwa saa yangu, maana simu tuliambiwa tuziache kwenye kabati.

Bibi: Bibi anasema aliwaambia.

Mjomba Fundi: Mama, hapo ndipo palipokuwa salama kuliko kote. Njia nzima imegawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Ikiwa ya mbele imechelewa kutoka kituoni, labda mtu mkanda wake unasumbua, kompyuta inaisimamisha inayofuata. Ndiyo maana huwa inasimamishwa pale pale mlimani au kwenye breki, si katikati ya mteremko. Na ile ta-ta-ta ni kipande cha chuma kinachodondokea kwenye meno ya reli. Hata mnyororo ukikatika, treni hairudi nyuma.

Salma: Mjomba tungekuwa na wewe pale juu ungemsaidia Idi

Idi: SALMA

Salma: Idi alianza kuniomba radhi. Radhi za tangu darasa la tatu. Akasema ndiye aliyevunja kioo cha kabati la Bibi, si paka

Bibi: Zuhura hapa. Bibi amevaa miwani ameichukua simu anasoma mwenyewe

Dada Pili: 😂😂😂 nimelala chini

Idi: bibi ilikuwa zamani sana

Salma: Halafu akasema "na zile pesa zako, tukishuka salama nakulipa." Zile pesa ambazo mwaka mzima anasema hazikumbuki!

Mjomba Fundi: Mlima umefanya kazi ya hakimu.

Idi: mtu akiwa na wasiwasi husema chochote, haihesabiki

Salma: Na shingo yangu inauma kidogo, ila si sana. Kile kitanzi cha kupindua watu nilikiogopa bure, nilikuwa kichwa chini na sikujua hadi nilipoona nchi iko juu

Mjomba Fundi: Shukuru umezaliwa sasa. Hizi treni ni za zamani, ile ya Coney Island kule New York ilianza 1884 ikienda kama kilomita 10 kwa saa, baiskeli inaipita. Mwaka 1895 pale pale wakaweka yenye kitanzi, lakini kitanzi chenyewe duara kamili. Treni ikiingia inageuka ghafla, watu wakitoka wameshika shingo. Kitazameni hicho mlichopanda, si duara. Ni kama tone la maji lililogeuzwa, mpindo wa chini ni mpana na wa juu umebana, ili uzito ukuingie taratibu. Ya kwanza ya siku hizi iliyotumia umbo hilo ilifunguliwa California 1976.

Dada Pili: Mjomba haya yote unayajua na hujawahi kupanda hata moja

Mjomba Fundi: Ndiyo maana sijapanda.

Salma: 😂😂

Mjomba Fundi: Na jambo la kuchekesha, Wafaransa wanaiita milima ya Kirusi. Warusi wenyewe wanaiita milima ya Kimarekani. Kila mtu anamsukumia mwenzake.

Shangazi Rehema: Ninalo lalamiko moja. Mwisho wake. Unatoka kwenye kona ya mwisho umenogewa, mara breki, umesimama. Hata kukuaga hawakuagi. Na ule muziki kituoni unapigwa kwa sauti hadi humsikii mhudumu anayekukagua chuma. Huo waupunguze.

Shangazi Rehema: Lingine lote, kumi kwa kumi. Nangoja jioni nirudi. Kijana mmoja pale kaniambia jioni inakimbia zaidi.

Mjomba Fundi: Hajakudanganya. Mafuta ya magurudumu yakishapata moto yanateleza vizuri. Asubuhi inakuwa nzito.

Bibi: Rehema usirudi.

Bibi: Hilo nimeandika mimi mwenyewe.

Shangazi Rehema: Network mama 📶 mbovu huku

Salma: Ngojeni, picha imetoka! Kuna kamera pale kwenye mteremko. Naituma

Salma ametuma picha.

Dada Pili: MAMA YANGU

Dada Pili: Shangazi mikono juu kama bibi harusi, Salma kafumba macho, na huyu aliyemkumbatia shangazi ubavuni ni nani?

Mama Idi: Mwanangu jamani 😂 pole baba

Idi: ni upepo ulinisukuma

Salma: Upepo ulikuwa unatoka mbele. Idi, tumeshuka salama sasa. Zile pesa?

Idi ametoka kwenye kikundi.

Mama Idi amemwongeza Idi.

Bibi: Na kioo changu.