Naomba ushauri: tunakutana Coco Jumamosi, roho inasita

Kandili: Heshima kwenu wakuu. Tuna grupu letu la WhatsApp la vitendawili. Tuko 11, mwaka wa 3 huu tunataniana kutwa na hakuna anayemjua mwenzake kwa sura. Sasa wamepanga tukutane Coco Beach. Nawapenda sana, ila usingizi sipati. Niende au nizuge naumwa?

Konda Mstaafu: Nenda. Mihogo ya Coco pilipili ikae pembeni, usije ukalia mbele za watu.

Binti Tandale: Mimi wangu tulikutania Feri. Kwenye picha twiga, kumbe ananifika kwapani! Tulicheka pantoni nzima mpaka Kigamboni. Leo binti yangu ana jina lake.

Mtu wa Kimara: Kandili, mtu hakosi usingizi kwa ajili ya mihogo. Umeficha nini?

Kandili: Kajambo kadogo tu, ka umri.

Mtu wa Kimara: Kadogo kiasi gani?

Kandili: Nina miaka 26. Kule wananiita Babu. Siku ya kwanza niliwatega cha bibi yangu, wakashindwa, nikadai mji. Mmoja akaandika "shikamoo mzee", nikaitikia marahaba ili yaishe. Hayakuisha. Kuna mama wa Tanga, ana wajukuu, ananiamkia kila alfajiri.

Ustadhi Magomeni: Kila alfajiri, miaka 3! Hizo shikamoo zimepita elfu moja, kijana. Si zako. Mrudishie mwenyewe.

Konda Mstaafu: Aanze Jumamosi saa 10, mpaka jua linazama kafika mia mbili.

Kandili: Mnacheka, mimi nimeshajipanga. Jirani yangu, mzee fundi viatu, ndiye atakuwa Babu. Nimempa elfu 15 na vitendawili 40 akariri, 20 vimeshamkaa. Mimi nitakuwa mjukuu aliyemsindikiza. Kosa liko wapi? Wao wanamtaka mzee, mzee wanampata. Tukishuka mwendokasi pale Coco tu…

Mtu wa Kimara: Hapo hapo. Mwendokasi unafika Coco tangu lini? Wakuu, hii chai, na tangawizi imezidi.

Kandili: Nilimaanisha Morocco, halafu bajaji!

Konda Mstaafu: Bajaji na mzee wa watu, kwa upepo ule? Umfunge shuka.

Mtu wa Kimara: Usimsaidie. Kama wewe Babu kweli, tega kimoja hapa.

Kandili: Kitendawili!

Binti Tandale: Tega.

Kandili: Nyumba yangu haina mlango.

Binti Tandale: Yai. Hicho mwanangu wa chekechea anakijua. Kimara, nimekubali, ni chai.

Kandili: Jamani, vile vigumu vyote nimempa mzee!

Gombo wa Gongo la Mboto: Samahani wakuu, mimi chai nakunywa hivyo hivyo. Huyo mzee Jumapili ana nafasi? Nina barua ya posa Temeke na upande wangu sina mtu mzima wa kuipeleka. Nauli juu yangu, na vitendawili asikariri.