Mrejesho: magoti ya mama

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza habari ya mama yangu wa Wete, Pemba, miaka 67, aliyeambiwa gegedu la goti (ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane) limelika na huenda akahitaji kuwekewa goti bandia. Upasuaji bado, alhamdulillah.

Kilichosaidia zaidi ndicho alichokibishia zaidi: kuacha kukaa chini. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kuchambua karafuu mkekani, magoti yamekunjwa saa nzima. Sasa anachambulia mezani na anasali kitini (hapo ilibidi tumwite shekhe amtoe wasiwasi). Na bakora, kumbe alikuwa akiishika upande wa goti bovu! Inashikwa mkono wa upande wa pili.

Uzito umepungua kilo 5. Daktari katwambia kila kilo moja inayoondoka inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Zoezi lake moja tu: anakaa kitini, ananyoosha mguu, anahesabu mpaka kumi, anaushusha. Mara nyengine anaruka saba na nane.

Mafuta ya kuchulia tuliyouziwa ghali yalinukia tu. Gegedu halirudi, tumeshaambiwa, na ngazi bado zinamuuma. Lakini juzi kenda harusini kwa miguu, kurudi ndiyo akapanda bodaboda.