Naombeni ushauri: aliyemkata mtu panga kwa sababu ya ualbino wake, afungwe zaidi ya aliyekata kwenye ugomvi wa kawaida?

Kabula85
Wakuu habarini za jioni. Siku zote huwa nasoma tu, leo nimelazimika kuandika. Nipo mkoa wa Geita, wilaya naomba nisiitaje.

Kuna mtoto hapa kwetu ana miaka 11, ana ualbino. Mwaka jana mwezi wa nne waliingia watu watatu usiku wakamkata mkono wa kushoto. Hawakuondoka nao, majirani walishaamka. Mkono upo ila vidole vitatu havikunji. Watu wamekamatwa na kesi inasikilizwa.

Swali langu: mahakamani hiyo sababu ina uzito gani? Wengine hapa wanasema kukata ni kukata, aliyefanya afungwe kwa panga lake, habari za ualbino zinaongeza tu chumvi. Wengine wanasema ndiyo kosa lenyewe. Je, mashahidi wakisema ulikuwa ugomvi wa shamba, adhabu inapungua? Nahitaji majibu kabla ya Jumatano. Silali.

Simba wa Nyakato
Wanyongwe wote watatu. Mwaka 2009 Pinda akiwa Waziri Mkuu alisema wauaji wa albino nao wauawe, watu wakampigia kelele mpaka akalia bungeni. Mimi nilimwelewa tangu siku ile. Uzi ufungwe.

Kalamu ya Bluu
Simba, huyu mtoto yupo hai, na kwa kujeruhi hakuna kunyongwa. Tusimpotoshe dada.

Kabula, tenganisha kusudi na sababu. Kusudi ni kwamba mtu alitaka kukata, hakuteleza. Sababu ni kilichomsukuma. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, hatia inasimama juu ya kusudi, na sababu kwa kawaida haiigusi. Ila ikifika kwenye adhabu, aliyejeruhi kwa kukusudia anaweza kupewa hata kifungo cha maisha, na kati ya miaka michache na maisha kuna uwanja mpana. Ndani ya uwanja huo sababu inapimwa. Kwenye mauaji hakuna uwanja, adhabu ni moja, uwe umeua kwa wivu au kwa kutafuta kiungo cha kumuuzia mganga. Kifungu kinachosema "kosa la chuki" hatuna. Malawi mwaka 2016 waliamua kubadili sheria zao na kupandisha adhabu za makosa ya namna hii.

Sasa na mimi nikuulize. Nani anataka mashahidi waseme ni shamba?

Ngosha Mkimya
Mimi naomba kwenda kinyume kidogo. Bibi yangu mzaa baba aliuawa mwaka 1998 huku Usukumani. Kosa lake macho mekundu. Yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia samadi maisha yake yote, moshi ule kila mtu anaujua. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, mganga akapiga ramli, usiku wakaja. Nilikuwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyemkuta.

Hakuna siku ya kimataifa ya bibi yangu. Watu wenye ualbino wana Juni 13, na siwaonei wivu, wanastahili. Lakini ukianza kusema damu hii ina bei zaidi ya ile, utaishia wapi? Utaweka kifungu cha vikongwe? Cha waliouawa wakachunwa ngozi kule Mbeya? Sheria iseme ukimkata binadamu unaoza ndani, basi. Halafu tuseme ukweli, aliyetumwa na mganga hamchukii albino. Anataka hela. Hiyo chuki iko wapi?

Fundi Bodaboda
Mimi nimekatwa na mpenzi bila panga, aingie kifungu gani? 😂

Mama Wawili
Fundi, futa hiyo. Kuna mtoto hapa.

Ngosha, pole sana mdogo wangu, na bibi yako angestahili kila kitu unachosema. Lakini sikiliza na upande wangu. Nina watoto wawili, wa pili ana ualbino, tunaishi Morogoro. Jirani yangu akikatwa kwenye ugomvi wa mpaka, nitamlilia, nitampeleka hospitali, usiku nitalala. Akikatwa mtoto mwenye ualbino Geita, mimi Morogoro nahamisha kitanda cha mwanangu kutoka dirishani. Simjui huyo mtoto, ila panga lile limeniingilia ndani. Yule mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alipouawa Muleba mwaka 2024, wangu hakwenda shule wiki mbili. Hakuwa anaumwa. Mimi ndiye sikuweza kumwachia mkono getini.

Na hiyo hoja ya hela ndiyo inanitisha zaidi. Anayekuchukia labda atachoka. Anayekuona kama mzigo wa kuuza hana sababu ya kuchoka. Bibi yako naye walimchagua kwa macho yake, hawakuwa na ugomvi naye. Kwa hiyo mimi na wewe tuko upande mmoja hata kama hutaki.

Kabula, kule Muleba baba mzazi alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Kwa hiyo nauliza bila kukuvunjia heshima: huyo mtoto ni nani kwako?

Mtanzania Houston
Nipo Texas mwaka wa kumi na moja. Mwaka 1998 huku kwenye mji wa Jasper, mtu mweusi aitwaye James Byrd alifungwa mnyororo nyuma ya gari na wazungu watatu wakamburuta mpaka akafa. Wawili walishauawa kwa sindano ya sumu, mmoja 2011, mwingine 2019, wa tatu yuko ndani maisha. Sheria ya kawaida ilitosha. Hata hivyo jimbo likatunga sheria ya makosa ya chuki kwa jina lake mwaka 2001. Nilikuwa nashangaa, ukishanyonga unaongeza nini?

Kesi ya Ahmaud Arbery wa Georgia ndiyo iliyonibadilisha. Kijana mweusi alikuwa anakimbia mazoezi Februari 2020, wazungu watatu wakamfukuza kwa magari wakampiga risasi. Georgia wakati ule haikuwa hata na sheria ya chuki. Wote watatu walipata maisha kwa mauaji. Halafu serikali kuu ikawafungulia kesi ya pili, ya kwamba walimfanyia hivyo kwa rangi yake. Waendesha mashtaka wakataka kumaliza kwa makubaliano, mama yake akakataa, akataka isikilizwe hadharani. Jaji akayakataa yale makubaliano, na Februari 2022 wakakutwa na hatia. Miaka haikuwa na maana tena pale. Mama alitaka sababu itamkwe mahakamani.

Mkaazi wa Uasin Gishu
Hapa Kenya tuna sheria ya uwiano na utangamano ya 2008. Ukichochea chuki ya kabila ni faini hadi shilingi milioni moja ama miaka mitatu, ama vyote. Sawa. Lakini kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa hapa kwetu lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani, na washtakiwa wanne wakaachiliwa mwaka uliofuata. Maneno yamepata sheria yake, moto ule hadi leo hauna mfungwa. Kwa hivyo dada, usiulize ukali wa adhabu kwanza. Uliza kama ushahidi utasimama.

Kabula85
Nashukuru wote. Mama Wawili umeuliza na sitaki kudanganya. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo, namlea tangu ana miaka minne.

Na Kalamu, anayetaka iwe shamba ni mama yangu mzazi na wazee wa ukoo. Shamba kweli lipo, dada aliacha ekari tatu na maneno yalikuwepo.

Kalamu ya Bluu
Maneno kati ya nani na nani?

Kabula85
Kati yangu na kaka yangu.

Mama Wawili
Kabula. Kaka yako yuko wapi sasa hivi?

Kabula85
Ni mmoja wa wale watatu.

Tafadhali msiniandame. Nimekaa na hili miezi mingi. Wale wawili siwajui, walitoka mbali, hao hata wakifungwa milele sijali. Kaka hakushika panga, hilo hata polisi wanajua, yeye alikuwa nje. Ana watoto watano. Mama ana presha, anasema nikimtaja kaka na ualbino pamoja nimemzika yeye. Tulikaa kikao cha ukoo, ikaandikwa karatasi kwamba ilikuwa hasira za shamba, nikasaini. Nimepewa milioni mbili za matibabu ya mtoto. Nimeshatumia laki nane, mazoezi ya mkono yana gharama na nauli za kwenda Mwanza kila mwezi mnazijua. Kama kukata ni kukata, kama Ngosha alivyosema, basi kutaja shamba si uongo mkubwa. Ndiyo maana nikauliza vile.

Ngosha Mkimya
Usinitumie mimi. Sikusema hivyo.

Simba wa Nyakato
Mjomba??? Mjomba wa damu?

Jicho la Tai
Wakuu samahani, nimesoma kuanzia juu. Akaunti imefunguliwa leo. Mwanzo "kuna mtoto hapa kwetu", saa mbili baadaye ni mtoto wa dada. Mwanzo "watu watatu", sasa mmoja ni kaka. Kila anayebanwa anatoa kipande kipya, kama tamthilia. Swali lenyewe limepangwa kama la mtihani: je, sababu iongeze adhabu? Hapa kuna mwanafunzi wa sheria ana insha ya kukabidhi Jumatano. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, na sukari imekolea.

Mtanzania Houston
Eti Jicho, nimeandika yote yale kwenye simu, kazini, kwa ajili ya insha ya mtu?

Fundi Bodaboda
Nilijua. Chai ya maziwa kabisa.

Ngosha Mkimya
Mimi nimemtaja bibi yangu humu. Sijawahi kumtaja kokote. Kama hii ni chai, Mungu anaona.

Simba wa Nyakato
Aweke picha ya hukumu au namba ya kesi.

Mama Wawili
Asiweke picha ya kitu chochote! Mnataka sura ya mtoto anayewindwa izunguke kwenye simu za watu? Kabula usithubutu.

Nitakuuliza mimi. Mtoto anapakwa mafuta gani ya jua, na mnapakaje asubuhi?

Kabula85
Kilisun, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi. Tunapewa kliniki, yakichelewa navaa wasiwasi mwezi mzima. Zamani alijipaka mwenyewe. Sasa mkono wa kulia hawezi kujipaka kwa sababu wa kushoto haushiki, kwa hiyo mimi nampaka wa kulia na yeye anajipaka wa kushoto, kwenye kovu anapitisha kidole kimoja tu. Masikio ndiyo anasahau. Na nyuma ya shingo, chini ya kofia. Kule ameshaungua mara mbili.

Darasani anakaa dawati la mbele kabisa na bado anasimama kwenda ubaoni kusoma. Mwalimu mpya alimchapa akidhani ni utundu.

Jicho, sikusema yote mwanzo kwa sababu naona aibu. Ni hilo tu.

Mama Wawili
Masikio na nyuma ya shingo. Wangu vilevile. Jicho la Tai, huyu hanywi chai hapa. Huyu anampaka mtoto mafuta.

Jicho la Tai
Mama Wawili nimekuelewa. Kabula, nisamehe. Humu tumetapeliwa machozi mara nyingi.

Kalamu ya Bluu
Turudi kwenye Jumatano, muda hautoshi.

Kabula, swali la adhabu ni la jaji au hakimu. Hukuitwa kupanga miaka, umeitwa kusema ulichoona na kusikia, chini ya kiapo. Ukisema shamba huku unajua siyo, hilo ni kosa lako mwenyewe na lina kifungo cha hadi miaka 7. Kupokea mali ili jinai ifichwe nako ni jinai. Ile karatasi ya ukoo haina nguvu mahakamani, kazi itakayofanya ni kukuumbua. Kesho nenda ofisi ya mwendesha mashtaka, mweleze kikao, karatasi na hizo hela zote, pamoja na zilizotumika, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Omba na msaada wa kisheria.

Kuhusu kaka kukaa nje: aliyeonyesha njia anashtakiwa sawa na aliyekata. Swali ni kama alionyesha. Mtoto yeye aliamka? Ataitwa kama shahidi?

Kabula85
Ataitwa.

Kalamu ya Bluu
Mtoto wa miaka 11 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa kama mtu mzima. Anaahidi mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo, halafu anasikilizwa. Alisikia nini?

Kabula85
Walikuwa wamelala watatu kitanda kimoja, yeye na wanangu wawili. Taa hazikuwepo. Alisikia sauti ya mjomba wake mlangoni ikisema, "wa ukutani."

Sikuwaambia polisi. Yeye aliniambia mimi, wiki mbili baada ya kutoka hospitali, nikamwambia labda alikuwa anaota. Hakurudia tena.

Ngosha Mkimya
Dada yangu. Na mimi nilisikia sauti niliyoijua usiku ule. Nilikuwa darasa la tano, nikaambiwa naota. Mwenye sauti ile alikula ubani kwenye msiba wa bibi. Sijali tena atafungwa miaka mingapi, ameshakufa. Lakini sijawahi kuulizwa.

Mama Wawili
Kabula upo?

Kabula85
Nipo. Ni saa kumi alfajiri hapa.

Jana usiku kabla sijaandika huu uzi aliniuliza, "Mama mdogo, Jumatano mimi niseme nini?" Nilimwambia alale. Sasa hivi nimemwamsha, nimemwambia aseme alichosikia, na kwamba hakuwa anaota.

Akauliza kama mjomba atakuwepo mle ndani. Nikasema ndiyo, na mimi pia nitakuwepo. Akageukia ukutani akalala.

Mwendesha mashtaka nitakwenda kumwona ofisi ikifunguliwa. Hizo laki nane sijui nitazitoa wapi. Kwa mama nitapita jioni, nikitoka huko.