Sisilia siku 12 kutoka Malindi: viza, ratiba na chakula

BintiMambrui
Asalaam aleikum. Mimi na mume wangu tunapanga kwenda Sisilia, kile kisiwa cha Italia, mwezi wa nane, siku 12. Rafiki Mwitaliano ametupa chumba Catania, na Kiitaliano cha sokoni tunacho. Tunataka mlima wa volkano wa Etna, mji wa Palermo, mahekalu ya Agrigento, visiwa vya Aeolian, kisha tuvuke Malta. Viza tuanze lini? Ratiba inawezekana? Na sisi hatuli nguruwe.

Kusi_Lamu
Waaleikum salaam dada. Viza kwanza, yaani ya Schengen, moja kwa nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri mwisho huo, maana uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na muda wa miezi 3 zaidi ya siku mtakayotoka Ulaya. Bima isipungue yuro 30,000, na tarehe zake zianze siku ya kutua hadi siku ya kuondoka. Ikipungua hata siku moja mnarudishiwa faili.

Kwa pesa, Italia ina jedwali lake. Wawili wanaosafiri pamoja siku 11 hadi 20, kila mmoja huonyesha yuro 25.82, ukijumlisha 22.21 kwa kila siku. Siku 12 ni 292.34 kwa kichwa. Hicho ni kima cha chini kabisa, msiende nacho hivyo hivyo. Linaloponza wengi ni donge la pesa lililoingia benki juzi tu, halina maelezo. Miezi 3 ya taarifa ya benki ionyeshe mshahara au mauzo yakiingia na kutoka kama kawaida. Tiketi ya ndege wekeni nafasi tu, msilipe kabla ya viza.

Mwenyeji wenu aandike barua ya mwaliko, lettera di invito, na kopi ya kitambulisho chake. Mkishafika ana saa 48 za kuwaarifu polisi kwa maandishi kwamba anawalaza. Akisahau, faini ni yake.

NahodhaMida
Ratiba hiyo ni ya mwezi mzima, bibi. Sisilia ni kilomita za mraba 25,700 hivi, karibu mara mbili ya kaunti yote ya Kilifi. Malta iacheni. Viza ni ile ile, lakini siku zitaishia bandarini.

Agosti pia iacheni kama likizo inasogezeka. Tarehe 15 ni Ferragosto: Italia nzima iko ufukweni, vyumba bei juu, maduka mengi mjini yamefungwa. Katikati ya Septemba bahari bado ina joto.

Laleni Catania siku 6. Siracusa ni saa moja na kitu kwa treni. Etna kuna basi moja la asubuhi kutoka Catania hadi Rifugio Sapienza, kituo cha mlimani, mita 1,900, nalo hurudi alasiri. Likiwaacha, teksi itawaumiza. Kutoka hapo magari ya kebo hupanda hadi mita 2,500. Chukueni koti na viatu vya kufunika, kwa sababu changarawe za lava hukata miguu kwenye ndala na upepo wa juu hauna simile.

Kisha Palermo, basi chini ya saa 3 hivi, na Agrigento mwende na kurudi kwa treni. Mkitaka Aeolian, toeni Agrigento. Boti za kasi, aliscafi, hutoka bandari ya Milazzo na kufika Lipari, kimojawapo cha visiwa hivyo, kwa saa moja hivi. Upepo ukichafuka hizo ndizo husimamishwa mwanzo, meli kubwa huendelea. Kwa hiyo kisiwa kisiwe siku ya mwisho kabla ya ndege.

Gari la kukodi sioni faida yake. Leseni ya Kenya inataka kibali cha kimataifa, na katikati ya miji kuna ZTL, maeneo yenye kamera. Unaingia bila kujua, faini inakufuata hadi nyumbani.

BintiMambrui
Shukran, Septemba basi, bila Malta. Na chakula?

MpishiShela
Nyama mtaiona wenyewe. Kinachojificha ni strutto, mafuta ya nguruwe. Yamo kwenye maganda ya cannoli, vile vitamu vyenye jibini ndani (na mara nyingi mvinyo wa Marsala humo humo), kwenye mikate laini na baadhi ya vitu vya kukaanga. Panelle za Palermo ni unga wa dengu uliokaangwa, binamu wa bajia, ila ulizeni mafuta ya karai. Pasta con le sarde ni ya dagaa wakubwa, na mji wa Trapani wana cuscusu, chembe za ngano, ya samaki. Mazara del Vallo kuna Watunisia wengi, huko nyama ya halali mtapata. Kwingine, kabla ya kulipa: "C'è strutto?" yaani, kuna strutto?