Ushauri: geimu ya majahazi ya Lamu iko karibu kutoka, vitu tulivyovikata tuviache ndani ya faili au tuving'oe?

NahodhaWaMkanda (mleta uzi)

Assalam aleikum wanajukwaa. Tuko watatu hapa Lamu, tunatengeneza geimu ya simu za Android kwa Godot 4.3, programu ya kutengenezea geimu. Mchezaji ni nahodha: anapakia mzigo Lamu, anangoja maji yajae apite Mkanda, anafika Pate, anarudi. Ugumu unatokana na pepo za kusi na kaskazi, na maji makuu ya bamvua. Zimebaki wiki sita.

APK, yaani faili la kusakinisha geimu kwenye simu, imefika MB 286, na sehemu kubwa ni vitu ambavyo mchezaji hatavigusa. Kuna mtepe mzima, kile chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, na picha zake nne za 2048 kwa 2048. Tuliukata kwa sababu hesabu zetu za upepo ni za tanga la pembetatu na foromali (mti unaoshika tanga). Mtepe una tanga la mraba la mkeka, na kila ukijaribu kubisha nao, yaani kwenda kinyume cha upepo, unazunguka palepale. Kuna hatua ya usiku kwenye magofu ya Takwa, haikukamilika. Kuna dakika 11 za sauti ya mzee akisoma utenzi kwa Kiamu (Kiswahili cha Lamu), WAV ya stereo, yaani sauti isiyobanwa. Kuna menyu ya majaribio ya kuruka hatua na kugeuza upepo. Na kuna michoro ya kwanza ya punda.

Mwenzangu mmoja anasema viachwe humo humo bila kuitwa, maana kung'oa vitu mwishoni kunavunja vinavyofanya kazi. Mwingine anataka vifutwe kabisa. Mnasemaje?

FundiWaPikseli

Waaleikum salaam. Msivipime vyote kwa kipimo kimoja. Menyu ya majaribio ndiyo itoke kwanza, na sababu yake si ukubwa.

Kumbukeni Grand Theft Auto: San Andreas. Ilitoka Oktoba 2004 kwenye PlayStation 2 ikiwa na kijimchezo cha mambo ya chumbani ambacho watengenezaji walikifunga lakini hawakukitoa. Juni 2005 toleo la kompyuta lilipotoka, mchezaji mmoja akabadilisha alama iliyokifunga, kikafunguka. Julai ESRB, wanaopanga daraja za umri kule Marekani, wakaipandisha kutoka M (miaka 17 na zaidi) hadi daraja la watu wazima pekee, na maduka makubwa yakaiondoa. Tangu hapo ESRB wanadai kutangaziwa hata kilichofungwa. Nyinyi hamna kitu cha namna hiyo, lakini mtajaza dodoso la umri la IARC kwenye Google Play. Jibuni mkihesabu kila kilichomo kwenye faili, si kile tu kinachoonekana kwenye skrini.

Namna ya kufanya: wekeni menyu yote kwenye folda moja, tuseme majaribio. Tengenezeni mipangilio miwili ya kutoa geimu, mmoja wa kwenu na mmoja wa dukani. Kwenye ule wa dukani, kichupo cha Resources, kisanduku cha vitu vya kuachwa nje, andikeni majaribio/*. Kisha kwenye msimbo iiteni menyu kwa load() ndani ya sharti la OS.is_debug_build(), ambalo hutimia kwenye toleo la majaribio tu. Msitumie preload() hapo. Preload hutafuta faili wakati skripti yenyewe inasomwa. Isipoikuta, skripti nzima inakataa, na mnabaki na skrini nyeusi kwenye simu ya mteja huku kwenye kompyuta yenu kila kitu kiko sawa.

MchimbaFaili

Naongezea upande wa anayechimba, ili mjue ataona nini. APK ni zip tu. Nakili, badili mwisho wa jina uwe .zip, fungua folda ya assets. Picha zimegeuzwa kuwa .ctex (muundo wa picha wa Godot), lakini jina la asili limebaki mbele, kwa hiyo mtepe_tanga.png inasomeka bila hata kuifungua. Ziko pia programu za bure zinazorudisha mradi wa Godot karibu kama ulivyokuwa. Kuanzia 4.3 skripti zikitolewa kwa namna ya tokeni (msimbo uliogeuzwa kuwa alama fupi), maelezo mliyoandika baada ya alama ya # hayaendi, ila majina ya vigezo na maandishi ya mazungumzo yanakwenda yote.

Mahali ambapo watu husahau ni faili ya tafsiri. Mnaweza kuikata Takwa yote na bado mazungumzo yake yakawa yamekaa kwenye CSV (jedwali la maandishi) iliyogeuzwa, mstari kwa mstari. Ondoeni mistari hiyo kwa mkono.

Na kuhusu ukubwa, tuweke hesabu. WAV ya stereo, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, ni baiti 176,400 kila sekunde. Dakika moja ni takriban MB 10.6, dakika 11 ni kama MB 116. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stereo. Ikigeuzwa mono na kuwekwa OGG (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 96 kwa sekunde, dakika moja ni MB 0.72, zote 11 hazifiki MB 8. Yaani mzee wenu si mzito. Ni namna alivyofungashwa.

Mtepe ni habari nyingine. Picha ya 2048 kwa 2048 yenye uwazi ni MB 16 ikiwa haijabanwa, na MB 4 ikibanwa kwa ETC2, mbano wa picha wa simu. Hizo ni za memori. Kitu kisichoitwa hakiingii kwenye memori, kinakula nafasi ya kuhifadhi na bando la anayepakua tu. Lakini angalieni preload tena: skripti ya bandari ikiwa na mstari mmoja wa preload wa mtepe, mtepe wote unapakiwa kila bandari inapofunguka, hata kama hauonekani popote.

NahodhaWaMkanda

Shukrani. Kwenye mpangilio wa kutoa geimu (export) nimebadili kutoka "toa kila kitu" kwenda "toa mandhari zilizochaguliwa na vinavyozitegemea". APK imeshuka hadi MB 139. Lakini sasa kwenye simu sauti za mawimbi na adhana hazipo, na mtepe bado umo. Kwenye kompyuta zinasikika vizuri.

FundiWaPikseli

Yote mawili ni jambo moja. Godot hufuata utegemezi ulioandikwa wazi. Bila shaka sauti mnaziita kwa kuunganisha maneno, kitu kama "res://sauti/" + jina + ".ogg". Njia ya namna hiyo hujulikana geimu inapokimbia, kwa hiyo anayefungasha haioni na faili linaachwa. Kwenye kompyuta linakuwepo kwa sababu folda ya mradi ipo. Aidha ongezeni sauti/*.ogg kwenye kisanduku cha vitu vya kuingizwa, au, na hii naipenda zaidi, tengenezeni rasilimali moja yenye orodha ya sauti zote zilizoburutwa kwa mkono. Ya pili inapiga kelele mapema faili likipotea.

Mtepe umo kwa sababu kuna kinachoutegemea. Tafuteni neno mtepe kwenye mradi mzima, pamoja na faili za mandhari za .tscn, maana zile ni maandishi. Mara nyingi ni nodi (kipande cha mandhari) iliyofichwa kwa visible kuwa false. Kuficha si kuondoa.

Kila mkitoa toleo, endesheni unzip -l kwa APK mpya, hifadhini orodha, mlinganishe na ya jana. Dakika mbili, na mtaona papo hapo kilichoingia na kilichotoka.

BintiShela

Kabla hamjaendelea kukata, hatua zenu mmezitambulisha kwa namba au kwa majina? Kama Takwa ilikuwa namba 5 na mkaitoa, Siyu iliyokuwa 6 inakuwa 5, na kila anayejaribu geimu yenu sasa atakuta safari aliyoihifadhi imemtupa mahali pengine. Tumieni majina: "siyu", "pate". Ikiwa mmeshachelewa, acheni pengo, namba 5 isitumike tena kamwe.

Pokémon Red na Blue ndiyo darasa la jambo hili. Ndani yake kuna nafasi 190 za wanyama, wanaotumika ni 151. Zile 39 zilizobaki hazikufungwa pengo lake, zikawekwa kitu cha kushikilia nafasi kiitwacho MissingNo. Hilo ni jambo la busara, kupanga namba upya kungevuruga majedwali yote yanayozitegemea. Kosa liko kwingine: kwenye ukanda wa pwani wa kisiwa cha Cinnabar geimu husoma orodha ya wanyama wa mwituni iliyobaki kwenye memori, na kwa hila fulani herufi za jina la mchezaji zinakuwa ndizo namba za wanyama. Basi namba za pengo zikaitika. Kwa hiyo pengo liwe na mlinzi: hatua isiyojulikana ikiombwa, geimu imrudishe mchezaji bandarini Lamu na iandike kosa, isijaribu kuipakia.

Kasa_Malindi

Naomba nimtetee yule mwenzenu wa kuacha. Kung'oa mwishoni ni hatari kweli. Crash Bandicoot ya 1996 ina hatua nzima, Stormy Ascent, iliyokatwa kwa kuwa ngumu kupita kiasi. Ikabaki kwenye diski. Mwaka 2017 ikatolewa rasmi kwenye toleo jipya, na watu wakaifurahia. GoldenEye 007 ya 1997 imebeba programu inayoiga kompyuta ya ZX Spectrum pamoja na michezo yake 10, ilizimwa tu. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 ina chombo cha anga cha Star Fox 64 kinachoruka na kupigana ukikiita kwa kifaa cha kubadili memori. Hakuna aliyedhurika, na mapenzi ya watu kwa geimu hizo yakazidi.

MchimbaFaili

Ndugu Kasa, mifano ni ya kweli, ila hizo ni geimu za diski na kaseti. Kaseti ina ukubwa wake uliopangwa. Kilichomo hakimgharimu mchezaji. Hapa mtu wa Faza anapakua kwa bando lake. Na hata zama zile nafasi ilipobana walikata: Mew aliingizwa kwenye Pokémon za kwanza mwishoni kabisa na Shigeki Morimoto, kwenye takriban baiti 300 zilizopatikana baada ya zana za majaribio kutolewa. Baiti, si kilobaiti.

Mnakubaliana kwa jambo moja: tarehe. Wiki sita zinatosha kung'oa. Siku tatu hazitoshi. Jiwekeeni mpaka, wiki mbili kabla ya kutoka, baada ya hapo kisichong'oka kibaki.

BintiShela

Mimi linalonikaa moyoni ni sauti ya mzee. Aliruhusu isikike kwenye geimu. Je, aliruhusu ikae kwenye faili ambayo mgeni ataichimbua, aikate vipande na kuitumia atakavyo? Sauti inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na utenzi wa jamii unaguswa na sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Lakini hata sheria isingekuwepo, rudini kwake mkamwambie: utenzi hautatumika sasa, tufanyeje nao? Aandikiwe kwa Kiswahili mambo matatu: wapi utahifadhiwa, nani ataweza kuusikiliza, na nani wa kuulizwa baada yake.

Na mradi wenu ukiwa kwenye Git ya wazi (Git ni mfumo unaotunza kila badiliko la mradi), kufuta faili hakutoshi. Historia inaitunza, mtu anarudi nyuma hatua mbili anaipata. Hapo inahitajika git filter-repo, zana ya kufuta faili kwenye historia yote, kisha kila mmoja wenu afute nakala yake na kuichukua upya. Asipofanya hivyo, akisukuma tena anairudisha sauti yote.

FundiWaPikseli

Hapo hapo, ninampinga anayetaka vifutwe kabisa. Kutoka kwenye APK ni sawa, kutoka duniani hapana. Kingdom Hearts ya 2002 ilipotakiwa kurudishwa kwa ubora mpya mwaka 2013, data za asili zilikuwa zimepotea na vitu vingi vikatengenezwa upya. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilijengwa juu ya msimbo ambao haukuwa wa mwisho, makosa yaliyokwisha rekebishwa yakafufuka.

Wekeni alama (tag) ya Git kabla ya kukata, iitwe kabla-ya-kukata, na muisukume kwenye Git ya faragha, si ile ya wazi, ili sauti ya mzee isirudi hadharani. Isukumeni wenyewe, maana alama haziendi zenyewe na push ya kawaida. WAV ya asili isibanwe: nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, maana hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na vifaa. Pembeni ya kila kitu wekeni faili ya maandishi: kilikuwa nini, kimekatwa lini, kwa nini, nani anakimiliki.

Mtepe nisingeuweka kabatini hata kidogo. Uteremsheni tanga, utieni nanga mbele ya Shela kama chombo cha kutazamwa; hauhitaji hesabu ya upepo. Punguzeni picha zake ziwe 1024, kila moja itakula robo ya memori ya sasa. Na mkitaka uende siku za mbele, upeni hatua moja ya upepo wa tezini (wa nyuma) tu, kaskazi ikiusukuma kwenda kusini. Chombo cha tanga la mraba hakikuumbwa kubisha, kwa hiyo msiandike hesabu ya kubisha.

NahodhaWaMkanda

Nimeelewa. Preload ya mtepe ilikuwa kwenye skripti ya bandari, nimeitoa. Mawimbi na adhana zinasikika kwenye simu. Hatua zote sasa zina majina. Kesho baada ya alasiri tunakwenda kwa mzee na spika, asikilize dakika zote 11 kwanza, ndipo tumuulize.